Visu Kumi, Wanunuzi Mia Nne: Jinsi Mafundi Wanavyoweza Kuuza Matoleo Madogo kwa Haki

Fundi anayetengeneza visu kwa mkono hawezi kuongeza uzalishaji kwa sababu tu wateja wameongezeka. Kila kisu hupita katika mikono ileile: kipande cha feleji hufuliwa au hukatwa kwa umbo, husagwa kwa mkanda wa msasa hadi kipate mteremko wa makali, hupashwa moto na kuzamishwa kwenye mafuta ili kikaze, hupashwa tena kwa joto la chini ili kisiwe chepesi kuvunjika, kisha hutiwa mpini, hung'arishwa na kushonewa ala. Kosa moja wakati wa kukaza chuma linaweza kuharibu kazi ya siku kadhaa. Ndiyo maana fundi asiye na wasaidizi hukamilisha visu makumi machache tu kwa mwaka, na jina lake likishavuma, wanaovitaka huwa mamia au maelfu. Nchini Japani uhaba wa aina hii umewekwa hata na kanuni: mhunzi wa panga mwenye leseni haruhusiwi kutengeneza zaidi ya panga ndefu mbili au panga fupi tatu kwa mwezi, lengo likiwa ni kulinda ubora wa kazi.

Tuchukue fundi mwenye visu kumi na wanunuzi mia nne, wote wakiwa tayari kulipa bei aliyoitangaza. Mia tatu na tisini wataondoka mikono mitupu, hata afanye nini. Hakuna utaratibu utakaowaridhisha wote, na fundi anayeahidi hivyo anaahidi asichoweza kutimiza. Kinachowezekana ni kuchagua kwa uwazi kitu kitakachoamua nani apate: kasi, subira, fedha, bahati au ujamaa wa siku nyingi. Kila kimoja kina watu kinaowapendelea na watu kinaowaumiza. Haki ya mauzo, kwa jinsi ninavyoielewa, inategemea mambo matatu: kanuni itangazwe kabla ya mauzo, imhusu kila mtu kwa namna ileile, na mnunuzi aliyekosa aweze kuhakiki mwenyewe kwamba ilifuatwa. Jambo hilo la tatu ndilo linalosahaulika mara nyingi zaidi, na ndilo nitakalolitolea maelezo marefu.

Kwa nini fundi hapandishi bei tu

Mtu aliyesoma uchumi kidogo atasema tatizo ni bei. Wanunuzi mia nne wakigombea visu kumi, maana yake ni kwamba kisu kinauzwa chini ya thamani yake sokoni. Bei ipande hadi wabaki wanunuzi kumi, na mgogoro utakwisha. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaacha nje jinsi watu wanavyoichukulia bei. Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti ambao ndani yake watu waliulizwa kuhusu duka la vifaa lililokuwa likiuza sepetu za kuondolea theluji kwa dola 15, na asubuhi baada ya dhoruba kubwa ya theluji likapandisha bei hadi dola 20. Asilimia 82 ya waliojibu walisema duka halikutenda haki. Sepetu zilikuwa chache, mahitaji yalikuwa makubwa, na kanuni ya soko ilikuwa wazi. Hata hivyo watu waliona wamenyonywa, kwa sababu gharama za mwenye duka hazikuwa zimebadilika.

Fundi wa visu yuko katika hali ngumu kuliko ya mwenye duka lile, kwa kuwa anawahitaji watu walewale kwa miaka ishirini au thelathini. Wengine wao walinunua kisu chake cha kwanza chenye kasoro, wakati hakuna aliyemjua, na ndio waliompa moyo wa kuendelea. Akipandisha bei maradufu kwa sababu mwaka huu jina lake linatajwa sana, anawafungia mlango hao, na mwakani mtindo ukihama hatakuwa na wa kumrudia. Bei iliyopanda haraka ni ngumu kushusha bila kuwaumiza waliokwisha kuilipa. Mafundi wengi kwa hiyo hupandisha polepole, wakifuata gharama za malighafi na saa za kazi, na kukubali kwamba kwa muda fulani kisu kitauzwa chini ya kile ambacho mnunuzi mwenye shauku zaidi angelilipa.

Pengo hilo kati ya bei ya fundi na bei ya soko halipotei. Linahamia mikononi mwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mlanguzi anayenunua asubuhi na kuuza jioni. Mfano maarufu wa umbali ambao bei ya mkono wa pili inaweza kufika ni kisu cha jikoni ambacho mhunzi wa Marekani Bob Kramer alimtengenezea mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain, sehemu ya chuma chake ikiwa imetoka kwenye kimondo. Kilipopigwa mnada Oktoba 2019, baada ya kifo cha Bourdain, wanadi walikadiria kwamba kingefika kati ya dola 4,000 na 6,000. Kiliuzwa kwa dola 231,250. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ililipwa kwa ajili ya jina la marehemu, na hakuna fundi anayeweza kupanga bei kwa kutegemea jambo kama hilo. Lakini kwa kiwango kidogo jambo lilelile hutokea kila wiki: thamani inayoongezeka baada ya mauzo ya kwanza haimrudii aliyekaa mbele ya tanuri.

Kasi: anayewahi ndiye anayepata

Utaratibu rahisi kuliko yote ni kutangaza saa, kuweka visu kwenye tovuti, na kuwaachia wanunuzi wakimbizane. Unaonekana wa haki kwa sababu unafanana na foleni, na foleni ni jambo ambalo kila mtu analielewa. Tofauti ni kwamba foleni ya kawaida hupima utayari wa mtu kuamka mapema na kusimama, ilhali foleni ya mtandaoni inayokwisha kwa sekunde nane hupima mambo mengine kabisa: kasi ya intaneti, kama taarifa za kadi zimehifadhiwa kwenye simu, kama mwajiri anaruhusu mtu kushika simu saa hiyo, na mahali anapoishi duniani. Katika miezi ya kiangazi, saa sita mchana ya Los Angeles ni saa mbili usiku London na saa kumi alfajiri Tokyo. Fundi anayeuza kila mara saa sita mchana kwake amekwisha kuamua ni mabara gani yatanunua, ingawa huenda hajawahi kulifikiria hilo.

Juu ya hayo kuna programu za kujinunulia, ambazo hukagua ukurasa mara nyingi kwa sekunde na kujaza fomu ya malipo kabla kidole cha binadamu hakijagusa kioo. Marekani ilipitisha sheria dhidi ya programu hizo mwaka 2016, lakini sheria ile inahusu tiketi za maonyesho na michezo, si bidhaa kama visu. Fundi amebaki kujilinda mwenyewe. Na hata pasipo programu hizo kuna kero ya kikapu: katika maduka mengi ya mtandaoni, kuweka kitu kikapuni hakumhifadhii mtu kitu hicho, kwa hiyo mnunuzi huona kisu kiko kwake, anaandika anwani yake kwa uangalifu, na anapobonyeza malipo anaambiwa kimekwisha. Kinachouma zaidi ni pale mfumo unapokubali malipo mawili kwa kisu kimoja na fundi akalazimika kumrudishia fedha mtu aliyekwisha kusherehekea.

Kasi inafaa pale tu ambapo visu vinakaribiana na idadi ya wanunuzi. Fundi ambaye toleo lake huchukua siku mbili kwisha hana sababu ya kutafuta utaratibu mwingine. Toleo likianza kwisha ndani ya dakika, muda wa kubadilisha umefika.

Subira: daftari la oda

Kabla ya intaneti utaratibu wa kawaida ulikuwa daftari. Mteja aliandika barua au alipiga simu, jina lake likaingia mwisho wa orodha, na zamu ilipofika akaambiwa. Njia hii inamheshimu mtu wa kawaida, kwa kuwa kila mmoja anao uwezo wa kusubiri, na inampa fundi uhakika wa kazi. Udhaifu wake huonekana orodha inapokuwa ndefu. Fundi mwenye oda za miaka saba anatengeneza leo kisu alichokibuni miaka saba nyuma, kwa bei iliyopangwa wakati ule, huku feleji, mikanda ya msasa na umeme vikiwa vimepanda. Ubunifu wake unasimama. Wateja nao hubadilika: mmoja amepoteza kazi, mwingine amefariki, wa tatu ameuza nafasi yake kwa mtu asiyemjua fundi. Kramer, niliyemtaja, ni miongoni mwa waliofikia hatua ya kuacha kupokea oda kwa sababu orodha ilikuwa imewazidi nguvu, na akageukia minada na droo kwa watu waliojiandikisha.

Jambo moja kuhusu daftari nalisema bila kusita: fundi asichukue malipo ya awali kwa kisu ambacho hatakigusa mwaka huu. Fedha za oda za mbele huingia katika matumizi ya kila siku, huliwa na kodi ya karakana na matengenezo ya mashine, na siku ambayo mgongo wa fundi unakataa kuinama au mkono unaumia, deni linabaki pasipo kisu wala fedha. Wanunuzi wengi walioumizwa katika biashara hii waliumizwa na mafundi waungwana waliojipangia vibaya, si na matapeli. Salama ni kuandika jina bure, na kupokea malipo ya awali feleji ikiwa tayari mezani, bei ikiwa ni ya siku hiyo.

Fedha: mnada

Mnada una sifa moja ambayo taratibu nyingine hazina: pengo la bei linamwendea aliyefanya kazi. Kwa kisu cha pekee, kama kile ambacho fundi alikitumia miezi kujaribu mbinu mpya ya kukunja tabaka za feleji, sioni njia iliyo bora kuliko hiyo. Hakuna bei ya haki inayojulikana kwa kitu ambacho hakijawahi kuwapo, na mnada ndio unaoitafuta.

Lakini mnada una njia zake za kwenda kombo. Kama muda unakwisha saa kamili, washindani hujificha hadi sekunde za mwisho na mshindi anakuwa mwenye saa nzuri. Dawa yake ni kuongeza dakika chache kila dau jipya linapoingia karibu na mwisho. Madau ya bandia, ambapo rafiki wa fundi anapandisha bei bila nia ya kununua, ni wizi hata kama hayajulikani. Na upo ugumu wa mnunuzi asiyejua aseme kiasi gani. Mwanauchumi William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alionyesha mwaka 1961 kwamba ugumu huo unaweza kupunguzwa: kila mtu atoe dau moja la siri, aliyetaja kiasi kikubwa ashinde, lakini alipe kiasi cha dau la pili yake. Hapo mnunuzi hana faida ya kujipunja wala ya kubahatisha. Kutaja thamani ambayo kwake ni ya kweli ndiko kunakomfaa. Wazo hilo linafaa pia kwa visu kumi vinavyofanana: madau kumi ya juu yashinde, na wote kumi walipe bei moja, ile ya dau la kumi na moja. Hakuna mshindi atakayegundua kwamba jirani yake alilipa nusu ya alicholipa yeye.

Linalobaki ni kwamba mnada huuliza swali moja tu, yaani nani ana fedha. Fundi anayeuza kila kitu kwa mnada anajenga kundi la wateja matajiri na kuwaaga walimu, wauguzi na askari wa zimamoto waliokuwa wakijinyima ili wanunue kisu kimoja kwa mwaka. Anayo haki ya kufanya hivyo. Mimi ningemsihi asifanye hivyo kwa zaidi ya visu vichache vya pekee.

Bahati: droo inayoweza kuhakikiwa

Katika Blade Show, maonyesho makubwa ya visu yanayofanyika Atlanta kila Juni, ni jambo la kawaida kukuta sanduku juu ya meza ya fundi mashuhuri. Anayetaka kisu huandika jina lake, hulitumbukiza, na saa iliyotangazwa ikifika majina hutolewa mbele ya wote. Aliyetajwa ndiye anayepata nafasi ya kununua kwa bei iliyoandikwa. Utaratibu huu hauangalii kasi, hauangalii mfuko, wala hauangalii nani anajuana na nani, na wote wanaona mkono ukiingia sandukuni. Kwa matoleo madogo ya bei isiyobadilika nauona kuwa bora kuliko mingine, mradi ufanywe kwa uangalifu ambao wengi hawaupi.

Uangalifu wa kwanza ni wa kisheria. Katika nchi nyingi, watu wakilipia kushiriki, bahati ikaamua, na mshindi akapata kitu cha thamani, hicho ni kamari inayohitaji kibali. Droo ya nafasi ya kununua iwe ya bure kabisa: anayekosa asipoteze hata senti, na anayepata alipe bei ileile ambayo mwingine angelipa.

Wa pili ni wa kuchanganya. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani iliendesha droo ya kuamua vijana wa kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 366 za kuzaliwa ziliwekwa ndani ya vidonge vya plastiki, vikatiwa kwenye chombo na kutolewa kimoja kimoja. Vidonge havikuchanganywa vya kutosha, na waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka walitoka mapema kuliko ilivyotarajiwa; watakwimu waliligundua hilo baada ya muda mfupi. Hakuna aliyekusudia udanganyifu. Mkono wa binadamu na chombo kisichotikiswa vizuri vilitosha kuvuruga jambo lililogusa uhai wa watu. Kisu si uhai, lakini sanduku la mezani lina udhaifu uleule: karatasi zilizoingia mwisho hukaa juu.

Mtandaoni udhaifu ni mwingine. Fundi anasema programu ilichagua majina, na washiriki hawana budi kuamini. Huenda ni mkweli. Lakini angeweza kuiendesha programu mara tano hadi jina la rafiki yake litokee, na picha ya skrini haiwezi kuthibitisha kwamba hakufanya hivyo. Imani ya namna hiyo hudumu hadi siku ambayo mtu anayejulikana kuwa karibu na fundi anashinda mara mbili mfululizo, jambo ambalo bahati yenyewe inaweza kulileta bila hila yoyote.

Njia ya kuondoa shaka haigharimu chochote. Fundi anafunga usajili, anampa kila mshiriki namba, na kuitangaza orodha ikiwa na namba na herufi chache za jina ili kulinda faragha. Kabla ya hapo awe ametangaza ni namba gani ya hadharani, ambayo yeye hana mkono ndani yake, itakayoamua: kwa mfano matokeo ya bahati nasibu ya taifa ya Jumamosi ijayo, au namba zinazotolewa hadharani kila dakika na taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, kwa ajili ya matumizi kama haya. Namba ikitoka, inagawanywa kwa idadi ya washiriki na baki ndiyo inayoonyesha mshindi. Tuseme washiriki ni 412 na namba ya hadharani ni 83,917. Ukigawanya unapata 203 na baki ni 281. Kwa kuwa baki inaweza kuwa sifuri, unaongeza moja, na mshindi ni namba 282. Mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kurudia hesabu hiyo akiwa popote.

Kuna mitego miwili midogo hapa, na inafaa kuijua. Mtego wa kwanza ni namba ya hadharani iliyo fupi. Kama inatoka kati ya 0 na 999 tu, washiriki 412 hawatakuwa sawa: 176 kati yao watakuwa na nafasi tatu na 236 watakuwa na nafasi mbili, tofauti ya nusu nzima. Ikitoka kati ya 0 na 99,999, wengine watakuwa na nafasi 243 na wengine 242, tofauti ambayo haina uzito. Namba iwe ndefu. Mtego wa pili ni wa washindi wengi. Fundi mwenye visu kumi anaweza kushawishika kuchukua namba 282 na tisa zinazofuata. Kila mshiriki bado ana nafasi sawa, lakini walioandikishwa pamoja watashinda pamoja au kukosa pamoja, na kundi la marafiki linaloijua kanuni hiyo linaweza kuitumia. Ni bora kutumia namba kumi tofauti za hadharani, namba iliyokwisha kushinda ikirukwa, au kutangaza mapema programu itakayozalisha mfululizo mzima kutokana na namba moja.

Hila kubwa zaidi ya droo ni mtu mmoja kuingia kwa majina kumi. Kuwahakiki washiriki wote mia nne kunachosha na kunawafukuza waaminifu. Inatosha kuwahakiki washindi: jina la anayelipa, jina la anayepokea mzigo na jina lililoandikishwa yawe moja, anwani moja isishinde mara mbili, na jina lisibadilishwe baada ya droo. Aliyejiandikisha kwa jina la shangazi yake atalazimika kumwomba shangazi anunue kwa fedha zake na apokee nyumbani kwake, na wengi hukata tamaa hapo.

Kisha kuna suala la wanaokosa kila mara. Watu hudhani kwamba bahati itawafikia wote baada ya muda. Hesabu inasema vingine: mtu mwenye nafasi moja kati ya ishirini katika kila droo, akishiriki mara kumi, bado ana uwezekano wa karibu asilimia 60 wa kutokuwa ameshinda hata mara moja, baada ya mara ishirini uwezekano huo ungali zaidi ya theluthi moja. Mpenzi wa kazi ya fundi anaweza kukaa miaka bila kupata, na hakuna aliyemkosea. Baadhi ya wauzaji kwa hiyo humwongezea karatasi moja kila aliyekosa, na kumrudisha kwenye karatasi moja akishashinda. Naiunga mkono njia hii, kwa sharti kwamba idadi ya karatasi za kila mtu ionekane kwenye orodha iliyotangazwa.

Wanaofahamika

Fundi yeyote ana watu wake. Ni kawaida, na ni vyema, kumpa mteja wa miaka kumi kisu kabla ya mgeni. Kinacholeta uchungu ni siri: toleo linatangazwa kuwa na visu 25, kumbe tisa vilikwisha kuahidiwa, na watu mia nne wanagombea 16 wakiamini ni 25. Akisema tangu mwanzo kwamba tisa ni vya wateja wa zamani na 16 vinaingia kwenye droo, hakuna wa kulalamika kwamba amedanganywa. Vivyo hivyo kwa visu vinavyopelekwa kwa wauza maduka.

Uaminifu huohuo unaihusu idadi yenyewe. Toleo la visu 25 lisipate cha 26 chenye mpini wa rangi nyingine. Kama kuna visu vya majaribio, au vilivyobaki kwa fundi mwenyewe, vihesabiwe na vitajwe. Na kama vipande vilikatwa na mashine ya kompyuta katika kiwanda cha mtu mwingine, fundi akavimalizia tu, mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Visu vya aina hiyo vinaweza kuwa vizuri sana, lakini aliyelipia saa za mkono wa fundi apewe saa hizo. Chama cha wahunzi cha Marekani, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, hupima wanachama wake kwa majaribio ya wazi: kisu kikate kamba inayoning'inia kwa pigo moja, kipasue mbao, kibaki kikinyoa nywele, kisha kipindwe hadi nyuzi 90 bila kuvunjika vipande. Cheo kinachopatikana kwa mtihani huo kina uzito kwa sababu kila mtu anajua kilipatikanaje.

Baada ya kuuza

Walanguzi huwaudhi mafundi kuliko jambo lolote, na wapo wanaowafungia milele walioonekana wakiuza. Naelewa hasira hiyo, lakini kisu kikishalipiwa ni mali ya aliyekinunua, na si kila anayeuza ni mlanguzi. Kuna anayeuza kwa sababu ya hospitali au ada ya mtoto. Njia ya upole na yenye nguvu ni fundi kuomba, kwa maandishi na kabla ya mauzo, kwamba mwenye kisu akitaka kukiuza ndani ya mwaka wa kwanza amrudishie yeye kwanza kwa bei aliyonunulia. Mwenye shida atapata fedha zake haraka, kisu kitaenda kwa mtu aliyekuwa wa akiba kwenye droo, na anayevunja makubaliano hayo atakuwa amejitambulisha mwenyewe.

Orodha hiyo ya akiba ichorwe siku ileile ya droo, kwa hesabu ileile, si baadaye. Mshindi apewe muda uliotajwa, tuseme saa 48, na asipolipa nafasi iende kwa wa kwanza wa akiba bila mazungumzo. Kanuni iseme pia kitakachotokea mshindi akiwa mahali ambapo kisu hakiwezi kuingia: Uingereza, kwa mfano, imepiga marufuku visu vinavyofunguka kwa kubonyeza kitufe, na tangu 2021 hata kukihifadhi nyumbani ni kosa. Mwenye anwani ya huko ajue kabla ya kujiandikisha kama kisu cha toleo hilo kinaweza kumfikia. Mauzo yakiisha, fundi atangaze namba za walioshinda, ngapi zilihamia kwa akiba, na ngapi zilitolewa nje ya droo, ili atakayejiandikisha kwa toleo lijalo aweze kuona jinsi lililopita lilivyokwenda.